Makosa Kumi na Moja na Matuta ya Mama

Nilirudi nyumbani kutoka chuo cha ualimu na sanduku la bati, sweta jipya na daftari lenye makosa kumi na moja. Makosa yenyewe hayakuwa yangu. Wakati ule mimi sikuwa na makosa, na kama ungeniuliza ningekuambia hivyo bila kupepesa macho. Yalikuwa makosa ya kufikiri, yale ambayo watu huyafanya wakibishana, na aliyetuandikisha alikuwa mkufunzi mmoja mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alitaka tuyakariri kwa namba. Kosa la kwanza: kumshambulia msemaji ukaiacha hoja yake. La pili: kudhani jambo ni kweli kwa sababu wengi wamelisema. La tatu: kumvisha mtu maneno ambayo hakuyasema, kisha ukayapiga hayo. Yakaendelea hivyo mpaka la kumi na moja, ambalo sikulielewa siku ile na silielewi hadi leo.

"Mkiyajua haya," alituambia, "hakuna atakayewadanganya tena."

Ilikuwa ahadi nzuri. Nilipanda nayo basi pale Mombo, nikapanda nayo kona zote mpaka Soni, nikashuka nayo na kuitembeza kwa miguu hadi kijijini kwetu. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio. Nchi nzima ilikuwa inajenga, na mimi nilikuja tayari kunyoosha akili za watu wakati wao wanajenga. Sikuwa nimeombwa na mtu yeyote.

Kazi nilianza siku ya pili. Jirani yetu, bibi mmoja aliyenisaidia kuzaliwa, alikuja kunipa pole ya safari, na katika mazungumzo akasema viazi vya mwaka ule vimeoza kwa sababu ya redio ya mwenyekiti wa kijiji. Redio ilikuja mwezi wa pili, viazi vikaoza mwezi wa nne, sasa ushahidi gani tena? Nikamwambia kwa upole wa mwalimu kwamba hilo ni kosa la tano: kudhani kilichotangulia ndicho kilichosababisha. Bibi akamgeukia mama akamwuliza kwa Kishambaa kama huko chuoni tulikuwa tunakula vizuri.

"Tangu amekuja chumvi inaisha haraka," mama akajibu. "Sijui na hilo lina namba."

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka, kwa sababu lilikuwa na namba.

Kwa juma zima sikumwacha mtu. Mzee wa kanisa aliyesema wimbo ule uimbwe hivyo kwa sababu umeimbwa hivyo siku zote, nilimpa la saba akiwa bado ameshika kitabu. Mwenye duka aliyesema sabuni hii ni nzuri maana watu wote wa Lushoto wanaifulia, nilimpa la pili. Alinipa sabuni, akaniombea kwa Mungu nipate kituo cha mbali. Nilidhani ananitania.

Sasa niseme habari za matuta, maana bila matuta hakuna habari.

Kwetu ardhi imesimama wima. Unalima huku umeshika jembe kwa mkono mmoja na mlima kwa mkono mwingine. Zamani za mkoloni, nikiwa bado nabebwa mgongoni, Serikali ya Wazungu iliamuru kila mtu achimbe matuta ya kukinga maji na kuzuia udongo usishuke. Asiyechimba alishtakiwa. Watu walichukia amri ile kwa chuki ambayo mpaka leo ukiitaja kwa mzee anaweka chini kikombe cha chai. Walikuwa na haki ya kuchukia. Kazi ilikuwa nzito, haikuwa na shukrani, na aliyeamuru hakuwahi kushika jembe. Wanaume wakaenda kwenye mikutano kupinga matuta. Wakati wanaume wanapinga, wanawake walikuwa wanachimba, ili waume zao wasishtakiwe kwa kutochimba kile walichokuwa wanakipinga. Ndivyo tulivyodai uhuru upande wetu.

Uhuru ulipokuja, watu walishuka mashambani na majembe na nyimbo, wakasawazisha kila tuta. Kubakiza tuta shambani ilikuwa sawa na kutundika ukutani picha ya Malkia wa Uingereza. Kijiji kizima kilisawazisha, isipokuwa mama. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na shamba lile juu ya kijito, ambalo alipewa mama alipoolewa, lilikuwa limebaki kwa nyumba yake. Matuta yake alikuwa ameyachimba mwenyewe, na mimi mgongoni. Walipomjia akawaambia ameyachimba kwa mikono yake, hayajui Kiingereza, wayaache. Wakamwacha, kwa sababu alikuwa mjane na kwa sababu alikuwa ameshika jembe wakati anasema.

Baada ya hapo mvua ilifanya kazi yake kama kawaida. Udongo wa kijiji chetu ulishuka kidogo kidogo ukaenda kustarehe tambarare. Naamini watu wa Mazinde wanaulimia mpaka leo bila hata kututumia salamu. Shamba la mama lilibaki mahali pake. Jua kali lilipokuja maharage ya wengine yaliinama, ya mama yalisimama, na watu wakapata maelezo ya kila namna: mama ana mkono mwepesi, mama ana dawa, mama ana maji ya siri chini ya shamba. Hakuna aliyesema matuta. Matuta yalikuwa ya mkoloni, na kitu cha mkoloni hakiwezi kustawisha maharage ya mtu huru. Hilo ni kosa la tisa: kuhukumu kitu kwa kumtazama aliyekianzisha.

Mama hakubishana nao. Mtu akimwuliza alisema tu, "Udongo wangu huu hapa. Wa kwenu uko wapi?" Kisha aliendelea na palizi.

Juma la tatu tangu nirudi uliitishwa mkutano wa kijiji. Amri ilikuwa imetoka wilayani kwamba kila kijiji kiwe na shamba la ujamaa, na kwamba wageni watakuja kuliona kabla ya masika. Kamati ilikuwa imekwisha kukaa na kuchagua shamba. Mkutano uliitwa ili wananchi wachague kwa hiari yao shamba ambalo kamati imekwisha kulichagua.

Shamba lilikuwa la mama.

Tulikutana darasa la tatu, Jumamosi mchana, ukungu ukiingia madirishani. Wazee wa heshima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, wakajitahidi kuonekana wanafikiri. Mama alikaa nyuma kabisa, kanga begani, mikono mapajani. Nilijua anaogopa, maana alikuwa amevaa viatu, na viatu alivaa kanisani na msibani tu. Lile shamba ndilo lililotulisha mimi na dada yangu, ndilo lililonisomesha. Mbadala aliokuwa ameahidiwa ulikuwa kipande cha juu kule kwenye mawe, ambako hata mbuzi wakipelekwa wanarudi wenyewe.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwenye kofia. Namna nyingine ya kumweleza sina, kwa sababu kabla ya kofia ile hakuna aliyemtambua. Alisimama mbele ya ubao, nyuma yake kukiwa na majedwali ya kuzidisha, akafungua mkutano kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ya serikali.

"Ndugu wananchi," akasema, "hapa pana mambo mawili tu. Ama tunajenga ujamaa katika shamba lile, ama tunamrudisha mkoloni. Anayetaka mkoloni arudi anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Watu waliokuwa wanajikuna waliacha.

"Basi shamba limepita."

Nikasimama. Ninakumbuka raha niliyoisikia. Ningependa kusema nilisimama kwa uchungu wa mama tu, lakini nilikuwa na daftari kwapani na majuma yote yale nilikuwa nimelisubiri kosa la nne kubwa kama lile.

"Shikamoo Ndugu Mwenyekiti."

"Marahaba, mwalimu."

"Samahani, hilo ni kosa la nne. Umetupa njia mbili wakati njia zipo nyingi. Tunaweza kujenga ujamaa katika shamba jingine, na mkoloni asirudi."

Halafu baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, akasimama kwa shida kutoka kwenye dawati lake, likainuka naye. "Huyu mtoto," akasema, "amekula chakula cha serikali chuoni miaka miwili. Leo ameshiba anaipinga serikali."

"Kosa la kwanza, baba mdogo. Chakula nilichokula hakihusiani na shamba."

"Mama yake ana mabinti wawili tu. Mabinti wataolewa. Shamba analishikia nani? Kwetu toka zamani shamba hufuata mtoto wa kiume."

"La saba. Kitu si sahihi kwa kuwa ni cha zamani."

Mtu mmoja kule dirishani akapaza sauti kwa Kishambaa kwamba mwalimu anasema mila zote za Washambaa ni za kijinga. Nikageuka nikamwambia hilo ni la tatu, sijasema hivyo. Mwingine akasema basi mwalimu anataka tusilime kabisa, tufe njaa. Nikamwambia na hilo la tatu. Kijana mmoja akauliza kwa heshima zote, "Shikamoo mwalimu, na mimi nikikohoa ni la ngapi?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Kuanzia hapo mkutano ulikuwa mali yao. Kila aliyesimama alisema jambo la hovyo kwa makusudi, wenzake wakaitikia kwa pamoja, "La ngapi hilo, mwalimu?" na mimi, Mungu anisamehe, nikawa najibu. Nilijibu kwa usahihi kabisa. Hakuna hata moja nililokosea namba. Nadhani siku ile nilipata alama mia kwa mia katika mtihani ambao hakuna aliyeutunga, na shamba la mama lilikuwa linaondoka huku ninasahihisha.

Katibu akaanza kuandika. Nikaona kalamu inavyokwenda. Nikatazama nyuma nikamwona mama, ametazama mikono yake, na kicheko kile kimemzunguka pande zote. Hapo nilikasirika. Niliwachukia wote, mwenyekiti na kofia yake, baba mdogo na dawati lake, na nilitaka kushinda kwa namna yoyote.

Nikafunga daftari.

"Sawa," nikasema. "Mmenishinda. Chukueni shamba. Ila naomba Ndugu Katibu aandike jambo moja. Aandike kwamba kijiji hiki, katika mashamba yake yote, kimechagua kujenga ujamaa juu ya matuta ya mkoloni."

Katibu akainua kalamu.

"Wageni wa wilaya wakija, tuwapeleke wakaone. Tuwaambie, hili tuta aliliamuru Mzungu, na hili Mzungu, na hili Mzungu. Wakituuliza kwa nini tumeacha mashamba yote yaliyokombolewa tukalikimbilia lile moja ambalo bado lina alama ya utumwa, Ndugu Mwenyekiti atawajibu. Mimi sitakuwapo. Mimi ni mtoto tu niliyeshiba chakula cha serikali."

Kosa la tisa, zima zima, bila hata kulipaka rangi. Lile lile ambalo kijiji kilimtesea mama miaka yote ile, nililichukua nikawarudishia. Kama mkufunzi wa Tanga angekuwapo angevua miwani.

Hakuna aliyeuliza namba. Mwenyekiti alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Mzee mmoja akasema pole pole, "Hilo ni kweli, lile shamba lina matuta." Mwingine akasema yeye siku zote alikuwa na wasiwasi. Baba mdogo akasema kwamba hakuwahi kuliunga mkono jambo hili. Kwa dakika kumi wakawa wanashindana nani alilitilia shaka kwanza. Shamba la ujamaa likahamishiwa uwanja wa mpira wa shule, na huko mahindi yalipandwa, yakapigiwa hotuba, na kwa kadiri ninavyojua hayakupaliliwa na mtu yeyote hadi yalipojifia.

Nilitoka nje nimejaa upepo. Tulipofika njia ya kushukia kijitoni nilimwuliza mama ameonaje.

"Wamenyamaza," akasema.

"Tumeshinda, mama."

Alivua viatu akavishika mkononi, akatangulia. Nilidhani ni uchovu.

Jumatatu asubuhi tulisikia nyimbo. Tulitoka tukawaona wanakuja kwa mstari, vijana wa chama thelathini hivi, majembe mabegani, mwenyekiti mbele na kofia yake. Walipofika uani wote wakasema shikamoo mama kwa sauti moja, adabu tupu. Mwenyekiti akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama," akasema, "tunaomba radhi. Miaka yote hii tumekuacha peke yako na mzigo wa mkoloni. Ni mwanao huyu aliyetufumbua macho. Leo tumekuja kukukomboa."

Wakashuka shambani.

Niliwakimbilia. Nilisema kila nilichojua, na safari hii nilisema kweli. Nilisema matuta hayana taifa. Nilisema udongo unakaa kwa sababu ya matuta, maharage yanasimama kwa sababu ya udongo, na mlima hauulizi nani aliyetoa amri. Nilisema kwamba aliyeyachimba ni mama yangu, si Mzungu. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, uso wake ukiwa na huzuni ya mtu anayemtazama mwanafunzi bora akianguka.

"Mwalimu," akaniuliza, "unataka kuniambia Jumamosi uliudanganya mkutano?"

Nilitafuta njia ya tatu. Naapa niliitafuta. Ningesema ndiyo, shamba lingerudi kamatini, na mama angepelekwa kwenye mawe. Ningesema hapana, matuta yangeondoka. Majuma matatu nilikuwa nawafundisha watu kwamba njia huwa nyingi kuliko mbili, na siku nilipozihitaji zikawa mbili kamili.

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti," nikasema.

"Basi vizuri."

Ilichukua siku moja tu. Kuchimba kulikuwa kumemchukua mama misimu mitatu. Waliimba vizuri, hilo siwezi kuwanyima, na mchana mama aliwapikia makande kwa sababu walikuwa vijana na walikuwa wamefanya kazi shambani kwake. Aliwagawia mmoja mmoja. Jioni walipoondoka, mlima ulikuwa laini kutoka juu hadi chini, mzuri kutazama.

Barua yangu ya kituo ilikuja juma lile. Maombi ya mwenye duka hayakujibiwa, maana nilipangiwa shule ya karibu na Soni tu. Niliondoka nikimwahidi mama kwamba nitakuja kila mwisho wa wiki tuchimbe tena kimya kimya, yeye na mimi. Kufika huko nikakuta maandalio ya masomo, kwaya, mikutano ya walimu. Nilikuja mara moja. Tulichimba nusu ya tuta.

Masika iliyofuata haikuwa kubwa kuliko nyingine. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walitaka kuisingizia. Ilikuwa masika ya kawaida, na siku ya tatu ya mvua mtu aliyeshuka sokoni na kabichi zake akaniambia niende nyumbani. Nilipofika mama alikuwa amesimama ukingoni, gunia limemfunika kichwa. Katikati ya shamba hapakuwapo tena. Palikuwa na jeraha jekundu kutoka juu mpaka kijitoni, na chini yake mwamba uliooshwa safi, na kijito kinapita kizito kama uji wa ulezi, kinaelekea Mombo na maharage yetu.

Bibi jirani alikuwapo, yule wa redio. Akampa mama pole, akanipa na mimi pole. Kisha akasema, si kwa ubaya, kwa namna ile tu ya mtu anayeunganisha mambo: "Tangu mtoto huyu alipokuja na lile daftari, ndipo shamba lilipoanza kuondoka."

Kilichotangulia ndicho kilichosababisha. Kosa la tano. Nilisimama pale kwenye mvua nikilitafuta hilo kosa katika maneno yake, nikalikosa. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, na umri huu nimekwisha kuona nyingi.

Mama hakusema neno. Hakusema siku ile, wala mwaka ule. Alihamia kwenye ukingo uliobaki, akapanda alichoweza, na cha kujazia akakodi kipande kwa watu. Mimi nikafundisha. Daftari nililiweka chini ya sanduku, na nikisikia mtu anabishana kwenye basi au ofisi ya walimu nilitazama dirishani.

Halafu, miaka mingine ikapita, akaja bwana shamba kijana kutoka wilayani, na faili na viatu vya mpira. Ukaitishwa mkutano, darasa lile lile la tatu. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikaenda nikakaa nyuma na mama. Bwana shamba akaeleza kwa michoro kwamba milima yetu inaisha, na kwamba serikali inaagiza kila kaya ichimbe matuta ya kukinga mmomonyoko.

Nilimtazama mwenyekiti. Kofia ilikuwa imepauka lakini ilikuwa ile ile.

"Ndugu wananchi," akasema, "hili mimi nimelisema siku nyingi. Hapa pana mambo mawili tu. Ama tunachimba matuta, ama tunamrudisha mkoloni."

Watu wakapiga makofi. Baba mdogo alisimama akasema kwamba matuta ni mila yetu toka zamani. Yule kijana wa kukohoa, sasa ana mvi mbili tatu, akanigeukia akanikonyeza, akasubiri namba. Sikumpa.

Kesho yake asubuhi tulikuwa ukingoni na mama, tunachimba kama kaya nyingine zote. Juu na chini yetu mlima mzima ulikuwa na watu walioinama, na majembe yalisikika mpaka ng'ambo. Mgongo wa mama ulikuwa umekwisha kukataa, kwa hiyo alichimba hatua mbili akasimama, hatua mbili akasimama. Mimi nilikuwa mbele yake nikichimba kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana anachimba. Ndipo aliponiuliza, bila kuinua macho, kana kwamba tulikuwa tumetoka mkutanoni jana yake.

"Yale maneno uliyosema darasani siku ile. Kwamba matuta yangu ni ya mkoloni. Uliyaamini?"

Ningeweza kumweleza mengi. Ningemweleza kuhusu mikono yake mapajani, na kicheko, na kalamu ya katibu.

"Hapana, mama. Sikuyaamini."

Akaegemea mpini. Alitazama chini kule kwenye jeraha, ambako nyasi zilikuwa zimeanza kuota pembeni.

"Wao waliyaamini," akasema.

Kisha akainama akaendelea pale alipoachia, na mimi nikarudi nyuma yake nikaanza kuupandisha juu ya tuta udongo aliokuwa anauchimba.